Uzi maalumu: Kufumua lehemu bila kuua bodi (pampu, utambi, bunduki na bloa)

Fundi_Kapasita (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nimeletewa bodi ya tatu ya TV ambayo haikuuliwa na umeme. Imeuliwa na fundi. Kapasita mbili zilizovimba kwenye pawasaplai (sehemu inayoipa TV umeme) zilitakiwa kubadilishwa, kazi ya nusu saa ukiwa umetulia. Aliyeishika kabla yangu alizipasha moto kidogo, akazivuta kwa koleo, na padi za shaba, vile vibati vya kwenye bodi ambapo miguu huchomewa, zikatoka na miguu kama ganda la kidonda kibichi. TV ni ya mama mmoja muuza mboga. Amelipa, na amerudishiwa kitu kibovu kuliko alivyokipeleka. Nimeshindwa kunyamaza.

Neno moja kwanza. Lehemu ni ile metali inayoyeyushwa ili kushikiza miguu ya vifaa kwenye bodi, na kufumua ni kuitoa. Mtaani tunaiita risasi. Humu nitasema lehemu, maana mbele nitalihitaji neno risasi kwa ajili ya madini yenyewe.

Nikimshika kijana mkono siku ya kwanza huwa namwambia hivi: kifaa hakivutwi, kinaachiliwa. Mguu ukiwa huru kweli, kapasita inadondoka yenyewe ukiigeuza bodi. Ukiona unatumia nguvu, jua kuna mahali lehemu bado ni ngumu, na mara nyingi ni upande wa pili wa tundu, au ule mguu unaoingia kwenye shaba pana ya grandi (laini ya volti sifuri). Padi imebandikwa kwenye bodi kwa gundi, na gundi ile ikipata joto inalegea. Yaani saa ile unayovuta ndiyo saa padi ina nguvu kidogo kuliko wakati mwingine wowote.

Hatua ambayo wengi wanairuka ni kuongeza lehemu mpya kabla ya kutoa ya zamani. Mtu anashangaa, nataka kutoa halafu unaniambia niongeze? Ndiyo. Lehemu iliyokaa miaka ndani ya TV imefanya ukoko juu, haipokei joto, ncha ya pasi ya kuchomea inagusa kanukta tu. Tone jipya lenye flaksi (dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike) linalowesha mguu wote na joto linapita. Halafu kuna hili: bodi nyingi za sasa zimechomwa kwa lehemu isiyo na risasi, kwa sababu agizo la Umoja wa Ulaya la kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme, liitwalo RoHS, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2006 na viwanda vya kila mahali vikafuata. Ile ya bati yenye fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5 inayeyuka nyuzi 217 hadi 220 za Selsiasi. Ile ya bati na shaba peke yake inafika 227. Yetu ya zamani ya 63/37 (bati asilimia 63, risasi 37) inayeyuka nyuzi 183 tu. Ukizichanganya, unachokifumua kinayeyuka chini zaidi na kinabaki maji muda mrefu kidogo. Hiyo nafasi ya ziada ndiyo ya kubonyeza pampu.

Sasa pampu yenyewe, ile ya springi ya kusukuma kwa kidole gumba. Nilipokuwa najifunza nilikuwa naishika kwa mbali, sentimita moja hivi, nikiogopa kuunguza mdomo wa plastiki. Kwa umbali ule hainyonyi kitu. Mdomo unatakiwa uguse, ukae juu ya tundu. Weka pasi upande mmoja wa mguu, usubiri. Usihesabu sekunde, itazame lehemu. Kwanza inalainika pembeni, kisha kilima chote kinang'aa kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi. Usiwe na haraka hapo. Usukume mguu kidogo kwa ncha ya pasi, ukicheza ndani ya tundu ndipo ushushe mdomo wa pampu na kubonyeza. Pasi isitoke mpaka usikie "tap". Ukiitoa nusu sekunde kabla, lehemu inaganda katikati ya tundu na unaanza upya, na kila kuanza upya ni joto jingine kwenye padi ile ile.

Kuna pampu ya Kijapani, Engineer SS-02, ambayo mdomo wake ni mpira wa silikoni. Mpira unabonyea, unaziba tundu lote pamoja na ncha ya pasi, hewa haiibiwi pembeni. Ukikosa, kata kipande cha mpira wa silikoni unaostahimili joto, milimita 10 zinatosha, uvalishe mdomo wa pampu yako ya kawaida. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Na tafadhali ifungue pampu uisafishe. Vipande vya lehemu vinajaa ndani, ringi ya mpira inakauka, mvuto unakufa polepole bila wewe kujua. Futa, paka grisi ya silikoni kidogo kwenye ringi, funga. Wengi wanatupa pampu nzima iliyohitaji grisi ya kichwa cha kiberiti.

Kabla ya yote hayo: pawasaplai ya TV ina kapasita kubwa ya volti 400 au 450. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa inashika karibu volti 325, na inaweza kuendelea kuzishika baada ya plagi kutoka ukutani. Itoe chaji kwa balbu ya nyuzi yenye waya mbili, kisha pima kwa mita. Usiishoti kwa bisibisi.

Ulizeni.

Kijana_wa_Nyakato

Mkuu shukrani sana kwa darasa. Mimi niko Mwanza, natumia zaidi utambi wa shaba kuliko pampu. Tatizo langu utambi haunyonyi. Naubana na pasi mpaka bodi inaanza kubadilika rangi, unatoka mtupu kama ulivyoingia. Niliambiwa ni feki. Je ni kweli?

Fundi_Kapasita

Mkuu inawezekana ni feki, ila mara nyingi ni mkavu tu. Utambi unanyonya kwa sababu nyuzi zake za shaba ni safi na zina flaksi. Ukikaa wazi mezani miezi kadhaa, hasa huko kwenye unyevu wa ziwa, shaba inapata weusi na lehemu haiikubali tena. Upake flaksi kabla ya kuutumia, mara nyingi unafufuka.

Kitu cha pili ni ncha ya pasi yako. Ncha iliyochongoka kama sindano haifai kwa utambi. Tumia ncha bapa, yenye nyama. Joto la namba kwenye stesheni (sanduku la kuendeshea pasi) na joto linalofika kwenye padi si kitu kimoja. Ncha nene kwa nyuzi 350 inashinda ncha nyembamba kwa nyuzi 420, na haiunguzi bodi.

Mpangilio: utambi juu ya lehemu, ncha juu ya utambi, usiburute. Utaona rangi ya fedha inapanda kwenye nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari. Ikisimama kupanda, inua utambi na pasi kwa pamoja. Ukiinua pasi kwanza, utambi unaganda kwenye padi, na hapo ukivuta umeondoka na padi. Kipande kilichojaa kikate, maana kinameza joto bure.

Upana uendane na padi. Utambi wa milimita 3 kwenye miguu ya IC (chipu yenye miguu mingi) ndogo unapasha jirani zote, na wa milimita 1.5 kwenye grandi utakaa nao mpaka kesho.

Ukiwa huna kabisa, ule wavu wa ndani ya waya wa antena unafaa ukiwa ni shaba. Uangalie vizuri, waya nyingi za bei rahisi wavu wake ni aluminiamu na lehemu haishiki humo. Chovya kwenye rosini iliyoyeyushwa kwa spiriti, acha ukauke. Rosini ni utomvu wa misonobari uliokaushwa, ile miti ya Sao Hill kule Mufindi inagemwa utomvu wa namna hiyo. Ila flaksi ya mafundi mabati na mabomba usiilete kwenye bodi hata siku moja. Ina asidi. Leo itafanya kazi vizuri sana, baada ya miezi utakuta kijani na laini za shaba za kwenye bodi zimelika.

Binti_Mita

Shikamoo fundi. Mimi niko VETA, chuo cha ufundi, mwaka wa pili. Nina bodi ya amplifaya, IC ya miguu 16, miguu minane kila upande. Nikimaliza mguu wa mwisho, wa kwanza unakuwa umeshika tena. Nifanyeje na nina pampu tu?

Fundi_Kapasita

Marahaba mwanangu, hongera kwa kusoma.

IC hiyo ni nzima au imekufa? Kama imekufa, usihangaike kuitoa nzima. Kata miguu yote karibu na mwili wake kwa pilaya ndogo kali ya kukatia, IC inatoka. Sasa umebaki na vijiti kumi na sita, kila kimoja peke yake. Pasha, toa kwa kibanio, mguu unakuja bila ubishi. Baadaye unasafisha matundu kwa pampu. IC utainunua nyingine. Bodi ile huenda usiipate tena. Nawaona vijana wanaokoa IC iliyoungua na kuiharibu bodi nzima, na huwa naumia.

Kama ni nzima na unaitaka, ongeza lehemu mguu kwa mguu, nyonya mmoja mmoja kwa kuruka (wa kwanza, wa tano, wa pili, wa sita) ili joto lisijazane sehemu moja. Ukimaliza, sukuma kila mguu kwa kibanio. Ukisikia "tik" ndogo, kile kiuzi cha lehemu kilichokuwa kimeushikilia ukutani mwa tundu kimeachia. Ule usiosogea usiushindilie, ujaze lehemu tena na unyonye upya.

Tafuta pia sindano tupu za chuma kisichoshika kutu, zinauzwa seti zenye vipenyo tofauti. Lehemu haishiki chuma kile. Unavalisha sindano kwenye mguu, unapasha, unaizungusha ikiingia ndani ya tundu, unatoa pasi na kuendelea kuzungusha mpaka igande. Mguu umebaki huru katikati. Ni polepole, lakini kwa mwenye pampu tu ni msaada mkubwa.

Nahodha_wa_Saketi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, kazi yangu kubwa ni redio za mashua na vifaa vya hoteli za ufuoni. Nakubaliana na ndugu Kapasita katika mengi, lakini kwenye hili la pampu nitamjibu: ukiwa unafumua kila siku, bunduki ya kunyonya ni lazima. Mimi ninayo ZD-915. Ncha yake ni bomba lenye moto, tundu katikati, na nyuma kuna pampu ya umeme. Joto na mvuto viko mahali pamoja, kwa hiyo ule wakati wa kubadilisha mkono ambapo lehemu inaganda haupo.

Lakini wengi huinunua kisha hulalamika inaziba. Haizibi bure. Uivalishe ncha kwenye mguu, ungoje, kisha uzungushe mkono taratibu hadi uhisi mguu unafuata. Hapo ndipo ubonyeze, na uinue ncha ungali umebonyeza, uendelee sekunde mbili tatu zaidi hewani. Zile sekunde ndizo zinazosafirisha lehemu hadi kwenye chemba. Ukiachia mapema, lehemu hubaki ndani ya bomba, hupoa, na ndiyo mwisho wa kazi. Kila baada ya miguu kadhaa mimi hupitisha sindano ya kusafishia ncha ingali moto. Filta ikishakuwa kahawia na ngumu, badilisha. Mvuto hufa kwa filta kabla ya kufa kwa mota.

Mwenye uwezo, Hakko FR-301 ina pampu yake ndani ya mpini, hakuna sanduku mezani, ni rahisi kuibeba ukienda kwa mteja. Joto lake huanza nyuzi 350. Nimeitumia ya rafiki yangu, na kwenye bodi nene ilinipendeza mno.

Na jambo la pwani: bodi iliyokula chumvi huota unga wa kijani juu ya lehemu. Usianze na pasi. Piga mswaki kwa spiriti ya isopropili, ukaushe, ukwaruze kidogo hadi uone chuma. Lehemu iliyo chini ya chumvi haipokei joto vizuri hata uizidishie moto.

Fundi_Kapasita

Waaleikum salaam Nahodha, nashukuru sana. Hilo la kuendelea kubonyeza hewani liandikwe ukutani kwa kila fundi. Na kwa kazi yako bunduki ni haki yake. Ninachosimamia ni kwamba kijana anayeanza asikope hela ya bunduki akiwa hajajua kusoma lehemu. Bunduki ikiwekwa kwenye mguu wa grandi kabla joto halijafika upande wa pili, inanyonya juu na kuacha kizibo chini, na sasa hakuna lehemu ya kupeleka joto. Fundi anavuta, na ile ngozi ya shaba ya ndani ya tundu inatoka na mguu. Kwa bodi ya tabaka nne ngozi ile ndiyo inayounganisha tabaka. Ikishatoka, umekata laini usiyoiona.

Ikikutokea imenyonya nusu, jaza tundu lehemu mpya uanze tena.

Simu_Clinic_Moro

Wakuu bloa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, mbona hamjaitaja? Sisi wa simu ndiyo pumzi yetu. Swali langu ni mlango wa chaji. Nikipuliza, plastiki ya ndani inayeyuka kabla miguu haijaachia.

Fundi_Kapasita

Mkuu, ile miguu minne ya ganda imeingia kwenye grandi, inameza joto lote huku plastiki ikiiva. Kwanza, pasha bodi kutoka chini ifike nyuzi 100 hadi 150 kwa sahani ya moto kama unayo. Bloa itakuwa na safari fupi. Pili, ongeza lehemu ya 63/37 kwenye ile miguu minne kwa pasi kabla ya kupuliza, kwa sababu ile ile niliyoeleza juu. Tatu, funika jirani kwa tepu ya kaptoni (tepu inayostahimili joto) na upulize kwa kuzunguka, usisimame sehemu moja. Kama mlango umekufa na bodi inaruhusu kupuliza kutoka nyuma, puliza kutoka nyuma.

Bloa za 858D zinafanya kazi, ila zikikutana na bodi nzito nguvu zinaishia. Quick 861DW ina wati 1000 na unaiona tofauti, hewa ni nyingi kwa joto dogo zaidi. Wengi tunapandisha joto pale ambapo tungeongeza hewa.

Ipo na lehemu ya joto la chini, ya bati na bismathi, inayeyuka nyuzi 138. Ukiichanganya kwenye miguu, mlango wote unabaki maji muda wa kutosha kuutoa kwa kibanio kwa utulivu. Ni nzuri mno, lakini ina deni. Lazima uisafishe yote kwa utambi kabla ya kuweka mlango mpya. Bismathi ikibaki na kukutana na risasi na bati, panaweza kutokea mchanganyiko unaoyeyuka karibu nyuzi 96, chini ya maji yanayochemka. Na hata isipoyeyuka, ni lehemu inayovunjika. Mlango wa chaji unasukumwa kila siku, utarudi kwako wiki ijayo.

Mzee_Transista

Wanangu, nimewasoma wote na nimefurahi. Nimeanza kazi hii enzi za redio za transista, naomba niseme kuhusu afya kwa sababu hakuna aliyeigusa.

Ule moshi unaoumiza kifua ni wa flaksi. Risasi yenyewe haigeuki mvuke kwa joto la pasi. Lakini moshi wa rosini unaleta pumu, nimewaona wenzangu. Kaa dirishani, weka feni ndogo ivute moshi kutoka kwako, isikupulizie usoni.

Risasi inaingia kwa mdomo. Inatoka kwenye vidole, inakwenda kwenye ugali. Na kifaa kibaya kuliko vyote kwa hilo ni pampu. Kila unapoikoki, inatema vipande na unga mezani, kwenye nguo, sakafuni. Itemee ndani ya kopo lenye mfuniko. Meza ifute kwa kitambaa kibichi, usifagie kwa ufagio mkavu. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kuvuta sigara, kabla ya kumbeba mtoto. Wengi wenu mnafanyia kazi sebuleni na watoto wanatambaa hapo hapo. Mtoto mdogo anaweka kila kitu mdomoni, na risasi inamdhuru akili kwa kiasi kidogo sana. Mama mjamzito naye asikae karibu.

Na vaa miwani. Wale mnaopasha tundu kisha mnagonga bodi mezani ili lehemu iruke, tone linaruka kuja juu pia.

Fundi_Kapasita

Shikamoo mzee wangu. Hilo nililisahau na halikupaswa kusahaulika. Nitaliongeza kwenye bandiko la kwanza.

Binti_Mita

Fundi nimerudi. Nimekata miguu kama ulivyosema, kumi na mitano imetoka safi. Wa kumi na sita ni wa grandi, nilichoka nikavuta. Padi imeng'oka upande wa chini. Nimesikitika sana. Bodi ndiyo basi?

Fundi_Kapasita

Hapana mwanangu, bodi ipo.

Padi iliyolegea ikate kwa wembe, usiivute, itaendelea kuchana laini. Kisha ifuatilie ile laini ilikokuwa inakwenda. Ya grandi ni rahisi, iko kila mahali. Kwaruza rangi ya kijani karibu na tundu, milimita tatu hivi, kwa ncha ya wembe uliolazwa, mpaka shaba nyekundu ionekane. Paka flaksi, ipake lehemu nyembamba.

Weka soketi ya IC badala ya kuchomea IC moja kwa moja. Mguu wa soketi ulio kwenye tundu lile uulaze kuelekea shaba uliyoikwaruza na uuchomee hapo. Usipofika, unganisha kwa uzi mmoja wa waya mwembamba, mfupi kadiri inavyowezekana, na uushike kwa tone la gundi ya epoksi ili usitikisike.

Geuza bodi uangalie na upande wa juu. Kama kulikuwa na laini juu pia kwenye tundu lile, ngozi ya ndani imetoka na hizo pande mbili hazionani tena. Weka mita kwenye mlio, gusa mguu wa soketi na laini ya juu. Ikinyamaza, chomea na juu.

Ukimaliza, pima mguu ule wa grandi na jirani yake kama haijashikana, ndipo utie IC. Na usiiwashe moja kwa moja kwenye ukuta. Pitisha kwenye balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa moto. Balbu ikiwaka mara moja na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima na uniandikie hapa hapa.